Injini Imenoki: Ovahoo, Mtumba au Mpya?

Gari likifika gereji limevutwa kwa kamba kutoka Mingoyo, mwenyewe huuliza kwanza: "Fundi, injini yake shilingi ngapi?" Wewe unayeanza kazi, usikimbilie kutaja bei. Njia ni tatu: ovahoo, yaani kuifumua injini na kuijenga upya, injini ya mtumba, au mpya. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na injini nyingi za mtumba zinatoka huko. Muuzaji akikupa waranti ya wiki moja, siku kadhaa zinaliwa na safari na kufunga, gari halijatembea hata kilomita moja. Tena waranti ya namna hiyo mara nyingi inahusu injini peke yake. Nauli ya kuirudisha, ufundi wa kushusha na kupandisha upya, oili na gasketi, vyote ni juu ya mteja. Ndiyo maana huku kusini injini hupimwa kwa swali ambalo mtu wa Dar halimsumbui sana: ikigoma, nani ataigusa, na kwa vifaa gani?

Kabla ya hapo, hakikisha injini imekufa kweli. Zipo zinazoshushwa kwa sababu ya gasketi tu. Moshi wa bluu unaotoka asubuhi ukiwasha kisha ukapotea, shuku sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, shuku ringi. Moshi mweupe mzito huku maji yanapungua kwenye rejeta ni gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepinda au kupasuka.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: injini iwe ya moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yasifike kwenye silinda, betri imejaa, pedali imekanyagwa hadi chini. Kwa 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, silinda isiyo na tatizo inasoma karibu psi 213. Isishuke chini ya psi 156, na tofauti kati ya silinda moja na nyingine isizidi psi 14. Inayosoma chini itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda, tatizo ni ringi au silinda. Ikibaki palepale, ni valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi huwa imeungua katikati yao. Dizeli usiifanyie jaribio hilo la oili, kwa sababu oili inaweza kuwaka kwa mgandamizo. Na usiifungie geji ya petroli, haimudu.

Kama kelele inatoka chini, fungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Chembe zinazong'aa ambazo sumaku haizishiki ni beringi zimeanza kumenyeka. Zinazoshikwa ni chuma, na hapo kranki nayo ikaguliwe.

Sasa uamuzi. Bei iweke pembeni kwanza, utazame bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda.

Bloku la 1NZ-FE ni la aluminiamu lenye slivu (kuta za ndani za silinda) nyembamba za chuma zilizosubiwa humohumo. Toyota haikuzitengeneza zichongwe, yaani zipanuliwe kwa mashine. Kwa hiyo ovahoo ya injini hii ni ringi, beringi, sili na kazi ya hedi. Silinda ikishalika au kukwaruzika, bloku limekwisha. Kuweka ringi mpya kwenye silinda iliyoliwa ni kumuuzia mteja miezi michache. Hapa mtumba unashinda, tena bila ubishi, maana injini zenyewe ni nyingi sokoni.

1HZ ya Land Cruiser ni habari nyingine: dizeli, silinda 6, lita 4.2, bloku la chuma. Inachongwa ikawekewa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.50, na ikifanywa vizuri inarudi kazini kwa miaka. Tatizo la 1HZ ya mtumba ni kwamba gari la aina hiyo halifanyi kazi nyepesi popote duniani. Unaweza kununua uchovu wa mtu mwingine kwa bei ya uzima.

Malori ya Scania, kama yanayoteremsha makaa ya mawe kutoka Ruvuma hadi bandari ya Mtwara, yana slivu zinazozungukwa na maji, zinazotoka na kuingia, na kila silinda ina hedi yake. Ovahoo inaweza kufanyika injini ikiwa palepale kwenye chesisi. Ukitoa slivu, itazame kwa nje: vishimo vidogo kama vya mchwa vinakuambia kwamba lori lilikuwa likinyweshwa maji matupu bila kulenti, ile dawa ya rejeta. Slivu mpya ikikaa, pima kimo chake juu ya bloku. Ikizama, gasketi itaungua tena.

Ovahoo huharibikia kwenye mashine na kwenye usafi. Pistoni zinunuliwe kwanza, silinda ichongwe baadaye kwa kipimo cha pistoni zilizo mkononi. Ukitanguliza kuchonga, unaweza kukaa na bloku lisilo na pistoni huku msimu wa korosho unaisha na gari la mteja liko juu ya mawe. Kama kazi ya mashine itabidi iende Dar, weka nauli na siku za kusubiri ndani ya makadirio tangu mwanzo. Silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Kranki ikichongwa milimita 0.25, beringi nazo ziwe za 0.25. Hedi ya 1NZ-FE ikipinda zaidi ya milimita 0.05, isirudishwe hivyo. Baada ya kuchonga, osha silinda kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi, hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha paka oili papo hapo kwa sababu hewa ya pwani haichelewi kuleta kutu. Kuosha kwa petroli peke yake kunaacha unga wa jiwe la kuchongea, na unga huo unamaliza ringi mpya haraka. Kwa dizeli, pampu na nozeli zipimwe pia. Nozeli inayochuruzika itatoboa pistoni mpya kama ilivyotoboa ya zamani.

Ukinunua mtumba, usinunue kwa picha ya simu. Mtume mtu anayejua, afungue mfuniko wa oili: tope jeusi ni oili iliyokuwa haibadilishwi, ute wa rangi ya maziwa ni maji. Azungushe kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, atoe plagi, achungulie njia za maji kama zimeliwa na kutu. Kisha alinganishe na ya zamani: throto ya waya au ya umeme, soketi za sensa, gia boksi ya otomatiki au manyuo, mikono ya kushikia injini. Throto isipofanana, mteja atalipa fundi umeme pesa ambazo hakuzipanga.

Injini mpya kabisa, au ile iliyofumuliwa na kujengwa upya kiwandani, ina mantiki kwa gari jipya kiasi au la taasisi inayotaka nyaraka na waranti ya maandishi. Uliza inakuja na nini. Nyingi huja bila altaneta, stata, manifoldi wala pampu ya nozeli. Kwa IST ya mtu binafsi, sisi hatuishauri.

Iwe ipi, tafuta kilichoua ya kwanza kabla ya kufunga. Rejeta iliyojaa chumvi ya maji ya kisima cha pwani itachemsha injini mpya vilevile. Isafishwe au ibadilishwe. Weka themostati mpya, sili ya nyuma ya kranki, na kagua pampu ya maji, maana injini ikiwa chini vyote vinafikika. Kama ya zamani ilimwaga chembe, kipoza oili kisafishwe au kibadilishwe. Bolti za hedi ya 1NZ-FE zifungwe kwa Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena, kwa mpangilio wa kuanzia katikati. Oili ni lita 3.7 pamoja na filta. Piga stata plagi zikiwa nje hadi taa ya oili izime, ndipo uwashe.

Iliyofanyiwa ovahoo isiachwe ikiunguruma sailensa, yaani gari limesimama bila kukanyagwa mafuta, nusu siku. Ringi hazikai hivyo. Iendeshwe kwa mwendo unaobadilika, bila mzigo mzito, kwa kilomita 1,000 hivi. Mtwara hadi Lindi na kurudi inafaa. Mlima wa Newala na magunia usubiri. Mwaga oili ya kwanza kwenye kilomita 500.

Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukiweka injini nyingine, mteja aende TRA kubadilisha taarifa, akiwa na risiti ya EFD aliyopewa na muuzaji. Muuzaji asiyetaka kutoa risiti, mwache na injini yake.