Injini Ikizimwa, Friji Inaendeshwa na Nini?

Wiki iliyopita wadogo zangu wawili wa idara ya ubora walirudi kutoka Nyakato, walikokwenda kumkagua msafirishaji anayeomba kubeba dawa za mtengenezaji tunayemwakilisha hapa Kanda ya Ziwa. Walileta jedwali la bei, nakala ya kibali cha TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba, na picha kumi na moja za lori jeupe linalong'aa. Niliwauliza swali moja tu, hilo lililoandikwa hapo juu, nao wakatazamana. Siwalaumu sana, kwa kuwa nilipoanza kazi hii mimi mwenyewe nilirudi na picha za namna hiyo hiyo, tena za lori lililochakaa kuliko hilo. Lakini hii ni mara ya tatu naliona kosa hili likirudiwa mbele ya macho yangu, na nimeona heri niandike.

1. Kibali kisomeni hadi kwenye anwani. Kibali hutolewa kwa jengo fulani na kwa kazi fulani, hivyo cha bohari ya Dar es Salaam hakisemi lolote kuhusu chumba cha baridi kilichoko Mwanza.

2. Ulizeni ni nani hasa atakayeshika usukani. Hapa ndipo ninapopaswa kuungama.

Miaka hiyo daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijajengwa, na magari yaliyokwenda Sengerema na Geita yalipanga foleni ya pantoni. Nilikuwa nimemchagua msafirishaji mwenye bohari safi, jenereta mbili, na meneja aliyezitaja nyuzi 2 hadi 8, baridi inayotakiwa kwa dawa kama insulini, kama mtu anayesoma dua. Sikumuuliza ana magari mangapi yaliyo yake mwenyewe. Alikuwa nayo mawili, na siku ya mzigo wetu wa insulini yote mawili yalikuwa safarini, kwa hiyo kazi akampa mwenye lori la friji aliyezoea kubeba minofu ya sangara. Mkataba haukumkataza kufanya hivyo, na mkataba huo niliuandika mimi.

Friji ya lori lile ilitegemea injini ya gari. Foleni siku hiyo ilikuwa ndefu, dereva akazima injini kuokoa dizeli, jua likaanza kuchoma bodi, na yeye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuijali kazi yake, akafanya kile ambacho miaka yote kilikuwa kimeokoa samaki: alimtuma utingo akanunue magunia mawili ya barafu, wakayamwaga juu ya maboksi. Kwenye kadi ya joto aliandika 5 kila saa, tano sita mfululizo, kwa kalamu ile ile na mwandiko usiotetereka, hata kwa saa aliyokuwa juu ya pantoni. Jioni mfamasia aliyepokea mzigo alinipigia simu: “Dada, umeniletea insulini au sangara?” Nilicheka. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilicheka, nikidhani tatizo ni harufu.

Kesho yake, niliposoma loga, kifaa kidogo kinachorekodi joto chenyewe, iliyokuwa katikati ya maboksi, niliona mstari umepanda hadi nyuzi 17, kisha umeporomoka hadi nyuzi 1 chini ya sifuri na kukaa hapo kwa dakika arobaini. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, na kichupa kilichoganda huweza kuonekana sawa kabisa na kizima, hivyo hapakuwa na namna ya kuvichambua. Mtengenezaji aliamuru mzigo wote uteketezwe. Nilisimama pamoja na wakaguzi nikitazama maboksi yakihesabiwa moja moja, lebo zake zimekunjamana kwa maji, nikaweka sahihi kila ukurasa. Kwa siku tisa mfamasia yule aliazima insulini kwenye hospitali za jirani, na kila alipoazima alinipigia simu kunijulisha. Yule meneja wa dua alituandikia barua ya kumlaumu dereva. Dereva hakuwahi kuonyeshwa mkataba, wala hakuna aliyemfundisha kwamba insulini huogopa barafu zaidi hata ya inavyoogopa jua, na mtu aliyeajiriwa kuhakikisha kwamba anafundishwa nilikuwa mimi.

Basi mkataba wa ubora useme waziwazi kwamba kazi haipewi mtu wa tatu bila idhini yetu ya maandishi, na madereva wa huyo wa tatu wafundishwe kama wa kwanza.

3. Ramani ya joto ya bohari, yaani vipimo vinavyoonyesha kila pembe ya chumba ina joto gani, idaini iliyopimwa msimu wa joto, chumba kikiwa kimejaa mzigo, maana chumba kitupu cha mwezi Juni humpendeza kila mtu.

4. Loga ziwe zetu, zenye cheti cha kuthibitisha usahihi wa vipimo vyake ambacho hakijapita muda, moja mlangoni na nyingine karibu na feni, na zisomwe kabla ya mpokeaji kutia sahihi. Kadi ya mkono ipokeeni kwa heshima, kisha msiitumie kuamua lolote.

5. Mjaribuni kwa zoezi la kurudisha dawa, kana kwamba mtengenezaji ameagiza zirudishwe: mtajieni bachi moja, yaani toleo moja la dawa, mchana wa Ijumaa, muone inamchukua saa ngapi kuwaambia kila boksi liko wapi. Mmoja alinijibu Jumanne. Alikuwa wa bei nafuu kuliko wote.

6. Daraja lilifunguliwa Juni 2025, na kilomita zake 3 gari huzimaliza kwa dakika chache, nami nimewasikia mkisema kwamba habari za foleni zimekwisha. Ukerewe bado tunavuka kwa pantoni na meli. Tena mizani ya barabarani ni foleni. Mlango wa stoo ya hospitali, mtunza stoo akiwa amekwenda kula, ni foleni pia, na hapo injini huzimwa. Mtafuteni msafirishaji ambaye friji yake ina injini yake yenyewe au huchomekwa kwenye umeme gari likisimama, na ambaye dereva wake anajua ampigie nani simu.

Jumatatu mtarudi Nyakato, wadogo zangu. Chukueni loga mbili, pakieni maboksi ya maji ndani ya lori lile jeupe, mwambieni dereva azime injini saa sita mchana, kisha kaeni naye kivulini hadi saa kumi. Picha msinipigie tena.