Fundi wa yote au wa umeme tu?

Ndugu, umeuliza kama uendelee kutengeneza kila kitu cha bodaboda hapo Katwe, Kampala, au ubaki na umeme tu. Usiache mengine. Mteja hakuletei "tatizo la umeme", anakuambia betri haikai na chaji, nawe ndiwe wa kutafuta chanzo. Pima kwa mita: injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka na ukivuta mafuta (kuongeza mwendo wa injini), 13.5 hadi 14.5. Ikipita 15, regyuleta (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri) imekufa, na hata betri mpya itachemka maji yakauke. Isipopanda, anza na soketi na waya, kisha koili ya chaji, ile inayozalisha umeme kwenye injini. Umeme uujue kwa kina. Ila silinda iliyolika inayohitaji kuchongwa upya mpelekee mwenye mashine ya kuchonga. Ukibahatisha, mteja atalipa mara mbili.