Fundi wa Maji Anajibu: Tangi limehamishwa, pampu inasingiziwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mikindani. Nina tangi la vioo la lita 200 lenye samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa. Chini yake kuna tangi dogo lenye sponji na pampu: maji yanashuka, yanachujwa, pampu inayarudisha juu. Tangu tuhamie nyumba mpya nimelipandisha juu ya kabati, karibu na dirisha ili wapate upepo. Sasa maji yanayorudi yanachuruzika tu, na mawe yameota mwani wa kijani mrefu kama nywele. Boksi la pampu limeandikwa lita 1,500 kwa saa. Muuzaji anasema pampu imechoka, ninunue ya lita 3,000 pamoja na dawa ya kuua mwani. Watoto wanalia, wanaona samaki wao watakufa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Pesa yako ibaki mfukoni kwanza. Barua yako imejijibu nusu: umehama, umepandisha tangi, umelisogeza dirishani. Pampu ni ileile.

Zile lita 1,500 ni za pampu isiyopandisha maji popote. Geuza boksi utafute kimo cha mwisho. Pampu nyingi za ukubwa huo huishia kama mita 2, maana yake kwenye mita 2 haitoi hata tone. Pima kwa futi kamba kutoka uso wa maji ya tangi la chini hadi mdomo wa bomba la juu. Ukikuta mita 1.2, tegemea lita 600 au 700 kwa saa, tena hapo pampu ni safi na mpira wa kupandishia maji haukujikunja. Kila kona ya bomba inakula nguvu yake.

Usikisie. Elekeza maji yanayorudi kwenye ndoo ya lita 10, shika saa ya simu. Ndoo ikijaa kwa sekunde 60, una lita 600 kwa saa, yaani maji ya tangi lako yanazunguka mara 3 kwa saa. Mimi hiyo inanitosha. Wapo wanaotaka mara 5, na hawakosei, ila kwa mfumo wenye tangi la chini sioni haja ya kugombana. Ikichukua dakika mbili na zaidi, hapo kuna uchafu, na uchafu tunautoa.

Chomoa waya ukutani kabla hujatia mkono majini. Hili sibishani na mtu.

Anza na chumba cha pampu ndani ya tangi la chini. Kwa joto letu maji hukauka upesi, na yanapopungua hupungua hapo, si tangi la juu. Pampu ikianza kuvuta hewa utasikia inakoroma na utaona vipovu vidogo juu. Jaza, sikiliza tena. Bado? Toa sponji uikamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Usiioshe bombani: dawa ya klorini inaua bakteria wanaogeuza uchafu wa samaki kuwa kitu kisicho na sumu kali.

Halafu ifungue pampu. Kifuniko cha mbele kinatoka kwa vidole, na ndani kuna impela (kijipanga kinachosukuma maji) yenye sumaku iliyovaa kijiti cha kauri. Kijiti hicho huvunjika kwa kuangaliwa vibaya, kwa hiyo vuta taratibu na kwa unyoofu. Visima vyetu vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na chokaa hiyo hugandia impela mpaka inazunguka kwa kuburuta. Loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, iache saa moja, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza vizuri. Kama sakafu ya tangi ni mchanga wa ufukweni, angalia sumaku: chembe nyeusi zenye chuma hunasa pale na kusaga kila kinachozunguka. Mwisho pitisha waya wenye kitambaa ndani ya mpira, na kama una valvu ya kuzuia maji yasirudi, ifungue. Konokono mdogo mmoja akikwama humo anatosha kukupeleka dukani bure.

Pampu ya lita 3,000 ingekuletea mengine. Bomba la kushushia maji halikutengenezwa kwa kasi hiyo, ungeamka sebule imelowa. Tena pampu kubwa inapasha maji joto, na Desemba hapa kwetu nani anahitaji joto la ziada?

Sasa mwani. Huo hauletwi na pampu, ingawa vipande vyake ndivyo vinavyoziba sponji. Unaletwa na jua la dirisha lako na chakula kinachobaki. Samaki hawapati upepo wa dirishani, mpwa wangu, wanapata mwanga. Sogeza kabati ukuta mwingine, au bandika karatasi nyeusi upande wa dirisha. Taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 kila siku, usiiache mpaka taarifa ya habari iishe. Ng'oa mwani kwa mkono, uzungushie kwenye mswaki kama tambi, mwingi kadiri uwezavyo. Walishe mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, na watoto waambiwe zamu ni ya nani. Mbuna kwao hukwangua mwani kwenye mawe, hawatakufa njaa.

Kila wiki toa lita 50 hadi 60 uweke mapya. Kuongezea yaliyokauka si kubadilisha: maji yanapanda hewani, naitreti, mabaki ya uchafu wa samaki yanayolisha mwani, inabaki chini inausubiri. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwanza kwenye ndoo wazi usiku kucha.

Ile dawa iache dukani. Nyingi zina shaba, inayoua konokono, na mwani ukifa kwa pamoja unaoza na kula hewa ya samaki.

Na kama mawe yako ni matumbawe uliyookota Msimbati, yatoshe hayo hayo, usiokote mengine. Kule ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi.

SWALI: Fundi, umeme ukikatika usiku hapa Lindi samaki wangu wanapanda juu kutweta. Filta yangu ni ile ya ndoo iliyofungwa. Asubuhi ukirudi niiwashe tu?

JIBU: Hapana, dada. Ikikaa saa kadhaa bila maji kupita, bakteria wa ndani huishiwa hewa na kuanza kufa, na yale maji machafu ukiyasukuma tangini ni sumu. Ifungue, mwaga yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Usiku wenyewe chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, mara kwa mara, na usiwape chakula mpaka umeme urudi. Ukipata pesa, nunua pampu ya hewa ya betri. Hiyo ndiyo ningeanza nayo kabla ya taa yoyote ya rangi.