Niambie Ulipoishia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ukizungumza na wapenzi wenzako wa vitabu, wanakusaidia kuandika hadithi au wanakuvuruga?" Mimi nimesaidiwa na nimevurugwa, tena na watu walewale, wakati mwingine jioni moja.

Tuko wanne. Tulianza kama wasomaji tu: kitabu kimoja kwa mwezi, tunakutana, tunabishana, kila mtu anashika njia yake. Habari ya kuandika ilijitokeza baadaye, siku mwenzetu mmoja alipokiri kwa aibu kwamba ana daftari analolificha. Haikupita muda ikabainika kuwa wote tunayo.

Miezi ya mwanzo, lazima niseme ukweli, mazungumzo yetu yalikuwa ya kitahiniwa. Dhamira ni zipi, wahusika wamechorwaje, mwandishi amefaulu kwa kiasi gani. Shule ilitufunza fani na maudhui, nasi tukavibeba vyote viwili hadi utu uzima kama sare tuliyosahau kuivua. Aliyetuvua ni Euphrase Kezilahabi kwa riwaya yake ya Nagona, iliyotoka mwaka 1990. Ni kitabu chembamba, lakini ukitafuta kisa cha kusimulia toka mwanzo hadi mwisho utahangaika, maana kinakwenda kwa njozi na mafumbo. Tulipoketi kukijadili, hakuna aliyethubutu kutaja dhamira. Kimya kilipozidi, mmoja akasema, "Mimi nilifika mbali kidogo nikarudi mwanzo, nikidhani nimeruka ukurasa." Mwingine akadakia: "Mimi sikurudi. Nilipoona sielewi, niliacha kutafuta kisa nikawa nasikiliza sauti tu." Tukaondoka usiku. Ilikuwa mara ya kwanza kila mtu kueleza yaliyompata alipokuwa akisoma, badala ya kukipa kitabu alama.

Tulipoanza kusomeana miswada yetu wenyewe, tabia ile njema ikatutoka. Ukimpa rafiki hadithi yako anageuka fundi, anataka kuirekebisha. Nilikuwa na hadithi fupi ya ndugu wawili, kaka na dada, wanaorudi kwenye nyumba ya wazazi kuifunga kwa mara ya mwisho. Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, aliisoma akaniambia: "Mimi ningemfanya dada awe ndiye aliyeiba hati ya nyumba." Wazo lilinichangamsha. Nilikaa na hati ile wiki tatu. Nikaongeza wakili, nikaongeza jirani aliyeona, na kila nilichoongeza kilidai kingine. Mwishowe nilikuwa na hadithi ndefu ambayo sikuwa na hamu ya kuimaliza, kwa sababu ilikuwa yake. Yeye hakunikosea kitu. Alikuwa na hadithi yake kichwani, ikapita kwangu.

Nikarudi kwenye mswada wa mwanzo. Safari hii tuliweka utaratibu mwingine: mwenye hadithi haisomi mwenyewe. Anaisoma mwenzake kwa sauti, wengine wanafuata kwenye karatasi, na mwandishi anakaa na penseli bila ruhusa ya kufafanua chochote. (Hili la kunyamaza ni gumu kuliko kuandika. Niliuma penseli.) Msomaji akafika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote: "Alimsogelea, akamtazama, akamnyang'anya ufunguo, akalia."

Kwangu mimi ilikuwa wazi kama mchana. Kaka anasogea, kaka ananyang'anya, dada analia. Lakini hebu isome tena. Kiswahili chetu kina a- moja kwa wote, mwanamume na mwanamke, mtenda na mtendwa wakibadilishana zamu. Mwandishi haoni shida kwa kuwa anawaona wahusika wake wamesimama mbele yake. Msomaji ana herufi tu. Baada ya kusoma, mmoja akasema, "Hapo nimempenda kaka. Nilidhani ana moyo wa jiwe, kumbe naye analia." Wa pili akaitikia kwa kichwa. Wa tatu akashangaa kwamba kuna namna nyingine ya kuielewa. Wote watatu walikuwa wamemliza kaka!

Ningeruhusiwa kufungua mdomo ningewasahihisha palepale, na hadithi ingebaki kama ilivyokuwa. Nyumbani nilijaribu kuandika "dada akalia", jambo ambalo lilimaliza utata wote. Lilimaliza na utamu. Mtu aliyenyang'anywa akilia, hakuna jipya. Aliyenyang'anya akilia, huyo ana siri. Nikaandika "kaka akalia", kisha ikabidi nitafute sababu ya kilio chake, na sababu hiyo ndiyo ikawa hadithi. Wakati huohuo hakuna aliyenishauri nimlize kaka. Waliniambia walichokiona, basi.

Ndiyo maana nauogopa ushauri hata unapotoka kwa anayejua kazi. Charles Dickens alipomaliza riwaya ya Great Expectations mwaka 1861, alikuwa ameiishilizia kwa Pip, mhusika mkuu, na Estella, mwanamke anayempenda, kukutana kwa muda mfupi na kuachana moja kwa moja. Rafiki yake Edward Bulwer-Lytton, naye mwandishi wa riwaya aliyesifika enzi hizo, akamsihi abadilishe. Dickens akabadilisha, akawaacha wawili hao wakitoka wameshikana mikono. Baada ya kifo chake, rafiki mwingine, John Forster, aliuchapa ule mwisho wa kwanza katika kitabu alichoandika juu ya maisha ya Dickens, na tangu hapo wasomaji hawajaacha kugombana. Mimi niko upande wa mwisho wa kwanza. Sijui kama Bulwer-Lytton alimwambia pia mahali palipomuuma aliposoma, lakini laiti angeishia hapo, angemwachia Dickens kutafuta dawa.

Kuna uharibifu mwingine ambao ni wa kujitakia. Hadithi ambayo haijaandikwa usiisimulie. Nilikuwa na moja ya mtu anayepokea barua za marehemu aliyeishi chumba kilekile kabla yake. Niliisimulia kwenye kikao, wakacheka, wakanyamaza pale nilipotaka wanyamaze. Nikaisimulia tena kwa wengine, nikiipamba. Nilipokaa kuandika nikakuta sina haja nayo. Sifa zake nilikuwa nimeshazila.

Vitabu vya watu ni tofauti, hivyo vizungumze utakavyo, ila tu usiwe kama yule anayesema "mwisho wake mimi niliujua mapema" kabla wenzake hawajafika katikati. Kila kundi lina mmoja. Letu lina wawili, na mmoja ndiye mimi, najirekebisha.

Kwa hiyo sasa nikimpa mtu mswada simuulizi kama ni mzuri. Akiniambia ni mzuri nitafurahi mpaka kesho asubuhi, na ukurasa utabaki ulivyo. Namuuliza aliishia wapi alipoiweka chini mara ya kwanza, wapi alirudi nyuma kusoma upya, nani alimchanganya na nani. Mwanzoni watu huona aibu kujibu, wakidhani kuchoka ni kosa lao.

Kikao kijacho ni zamu ya yule mwenye daftari la kwanza. Ametupa kurasa kumi na mbili, ameziandika kwa mkono, na ninajua amezisubiri miaka. Nilifika ya saba, aya ya pili, pale mvua inapoanza kunyesha, nikainuka kwenda kukunja nguo ambazo zingeweza kungoja. Nimeweka alama ya penseli pembeni. Nitamwonyesha.