Fomu ilale nyumbani kwanza

MUULIZE SISTA

*Sista, hujambo? Mume wangu ana miaka 52, ni fundi wa magari Kariobangi. Alipatikana na presha miaka minne iliyopita, na dawa hamezi kila siku kwa sababu ya pesa. Mwezi uliopita kliniki walimwambia kuna utafiti wa dawa mpya ya presha, wakampa fomu ya kurasa 14, wakamwambia aende akafikirie. Yeye anataka kuingia kwa sababu dawa na vipimo ni bure. Mama mkwe amekataa katakata, anasema mwanawe hatafanyiwa majaribio kama panya. Mimi niko katikati. Nimesikia pia kuna wanaopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Na hiyo damu wanayotoa kila mara inapelekwa wapi?*
Mama wa watatu, Umoja

Mama wa watatu, mimi sijambo, na nimefurahi sana kusikia kwamba fomu imefika nyumbani kwenu. Acha nikueleze kwa nini.

Nimekuwa muuguzi miaka 27, na 12 ya mwisho niliimaliza kwenye majaribio ya dawa hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mgonjwa, kumsomea fomu ya ridhaa na kuhakikisha ameelewa. Asubuhi moja aliingia mzee, foleni ikiwa imefika hadi mlangoni. Nikamsomea mbio mbio. Kila nilipotua alisema "ndiyo". Hakujua kusoma, kwa hiyo tuliita shahidi, na kidole gumba cha mzee kikapakwa wino. Kidole kikiwa hewani, hakijagusa karatasi, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, nisipoweka, kadi yangu ya kliniki mtanirudishia?"

Kadi ilikuwa mezani, chini ya kiwiko changu. Nadhani alikuwa akiitazama tangu alipoketi. Yote niliyosema kuhusu dawa, vipimo na haki zake hayakumwingia, maana alichokiona ni kwamba kadi yake iko kwangu, na dawa zake za kila mwezi zinangoja wino wa kidole chake. Nilimfuta kidole kwa pamba yenye spiriti, nikamkabidhi kadi mkononi, nikamwambia aende na fomu nyumbani atafute mtu wake amsomee. Wiki iliyofuata alirudi na binti yake na maswali ambayo mengine ilibidi nikamuulize daktari. Mwisho akasema hapana. Akaendelea kuchukua dawa zake pale pale, dirisha lile lile, kama zamani.

Tangu siku hiyo, mgonjwa asiye wa dharura sikumruhusu kutia sahihi siku aliyopewa fomu. Ilikuwa lazima ilale nyumbani kwake kwanza. Wenzangu walinung'unika kwamba nachelewesha kazi, na kweli nilichelewesha. Lakini mtu anayeogopa kukataa hajakubali.

Sasa nije kwa mama mkwe. Usimwone mkaidi. Hofu yake ina historia. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972, madaktari wa serikali ya Marekani walifuatilia mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipojulikana wazi kwamba inatibu kaswende, hawakupewa. Karibu nasi zaidi, mwaka 1996 mjini Kano, Nigeria, watoto 200 wenye homa ya uti wa mgongo waliingizwa kwenye jaribio la dawa mpya katikati ya mlipuko, na baadaye familia zikaenda mahakamani zikisema hazikuelezwa kwamba lile lilikuwa jaribio. Masharti mengi tunayofuata leo yaliandikwa kwa machungu kama hayo. Mwambie mama kwamba hapa Kenya jaribio la dawa haliruhusiwi kuanza mpaka lipitishwe na kamati ya maadili ya utafiti, lipate kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, na lipewe leseni na NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti. Kisha fungueni fomu pamoja naye, mtafute namba mbili za simu: ya daktari anayeongoza utafiti na ya kamati ya maadili. Hiyo ya pili ni ya mama. Kamati haipo kwa ajili ya kumtetea mwenye dawa, ipo kwa ajili ya mwanawe. Apige, aulize kama utafiti huo wanaufahamu na wameupitisha. Fomu isiyo na namba hiyo, rudisheni ilikotoka.

Kuhusu kidonge kisicho na dawa, ni kweli kipo, na hakikuletwa kwa ukatili. Mtu akipewa kidonge na daktari mpole, akapimwa kila wiki, presha yenyewe inaweza kushuka kidogo hata kama ndani ya kidonge hamna kitu. Bila kundi la kulinganisha nalo, dawa butu itaonekana nzuri. Wenye umri wangu mnaikumbuka Kemron. Mwaka 1990 ilitangazwa hapa nchini kama tiba ya UKIMWI, nchi nzima ikashangilia, na baadaye ilipolinganishwa sawasawa na kidonge kisicho na dawa, nafuu ile haikuonekana. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Nakumbuka sura za watu waliokuwa wamepata matumaini, na ndiyo maana hadi leo siamini tangazo lolote la dawa lisilokuja na ulinganisho.

Lakini presha ni ugonjwa ambao dawa zake nzuri tayari zipo, kwa hiyo kumwacha mtu mwenye presha ya juu bila dawa yoyote kwa muda mrefu ni jambo ambalo kamati ya maadili haipaswi kulikubali. Mara nyingi dawa mpya hushindanishwa na ile ya zamani inayofanya kazi, au huongezwa juu yake. Mume wako aulize hivi hivi, kwa maneno haya: "Nikiangukia kundi lile lingine, nitakuwa nameza nini?" Makundi hupangwa na kompyuta kwa bahati nasibu. Daktari hachagui, na mara nyingi hata yeye hajui nani anameza nini mpaka mwisho.

Damu nayo inatisha kwa sababu ya zile chupa. Nyekundu, zambarau, ya kijivu, zikipangwa nne au tano mgonjwa anaona kama anakamuliwa. Mililita 10 ni vijiko viwili vya chai. Nilikuwa na kijiko mezani kwa ajili hiyo tu, namwonyesha mtu kwa maji. Fomu inatakiwa kusema kila mara itatolewa kiasi gani, itapimwa nini, na kama itahifadhiwa au kupelekwa nje ya nchi. Mara nyingi kuna kisanduku cha kujaza pembeni kwa ajili ya kuhifadhi damu kwa tafiti za baadaye. Hapo anaweza kuandika hapana na bado akabaki kwenye utafiti. Watu wengi hawakioni hicho kisanduku. Kitafuteni.

Faida pia nikutajie, maana sitaki uniweke upande wa wanaokataa kila kitu. Kwa miaka mingi dawa za presha tulizowapa watu wetu zilichaguliwa kwa kutazama majaribio yaliyofanyiwa hasa watu wa mabara mengine. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya utafiti wa CREOLE, uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo. Wagonjwa 728 walipangwa kwenye michanganyiko mitatu ya dawa za kawaida. Ile miwili yenye amlodipini ilishusha presha vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Hiyo ni habari ya mgonjwa wa Umoja kabisa, na imepatikana kwa sababu kuna watu walikubali kupimwa mikono yao. Na TB tunayoitibu kwa miezi sita? Zamani ilikuwa mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyosaidia kufupisha muda huo yalifanywa miaka ya 1970 kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, Wakenya wakiwa kati yao.

Linalonipa wasiwasi katika barua yako ni lile neno "bure". Mume wako hamezi dawa kila siku kwa sababu ya pesa, na sasa anaona mlango. Ninamwelewa kabisa. Lakini utafiti una tarehe ya mwisho. Ukiisha baada ya mwaka, kidonge cha bure kinaisha, na huenda dawa yenyewe bado haijafika dukani. Aulize leo: siku ya mwisho nitapewa nini, na nani atanipokea? Aulize nauli, maana fundi akienda kliniki anapoteza siku nzima ya kazi. Aulize akipata madhara usiku ampigie nani, na bili ya hospitali italipwa na nani. Utafiti uliopitishwa una bima ya mambo hayo, na fomu inatakiwa kuieleza. Pia anaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu. Asiache kimya kimya tu, aseme, kwa sababu dawa nyingine hazikatwi ghafla.

Na akikataa au akikubali, presha haisubiri. Amlodipini ni kati ya dawa za presha za bei nafuu kabisa. Aende kwenye zahanati ya serikali wiki hii aeleze wazi kwamba pesa ndiyo inayomshinda, asiwadanganye kwamba anameza kila siku. Daktari akidhani dawa imeshindwa, atamwongezea nyingine ya gharama zaidi.

*Sista, mimi ni mwanafunzi wa chuo, miaka 22, mzima wa afya. Rafiki yangu aliingia kwenye jaribio la chanjo na kila akienda anapewa pesa. Nataka niingie mawili kwa pamoja nipate kodi ya nyumba. Kuna ubaya?*
Wa Kahawa Wendani

Upo, mwanangu, na mkubwa. Majaribio ya hatua ya kwanza huchukua watu wachache wazima kama wewe, makumi tu, kwa sababu ndipo inapoangaliwa kama dawa ni salama mwilini na kwa kipimo gani. Ukiingiza vitu viwili vipya katika mwili mmoja, hakuna daktari duniani anayejua vitakutana vipi. Homa ikikupanda saa nane usiku, timu ipi itajua ni dawa ya nani? Na utakuwa umewadanganya wote wawili, kwa hiyo matibabu yatakayotolewa yatakuwa ya kubahatisha. Pesa wanazotoa ni za nauli na muda wako, na kamati hazitaki ziwe kubwa kiasi cha kumfumba mtu macho. Kama kodi ndiyo inayokusukuma, basi tayari imekufumba. Ukitaka kuingia moja kwa moyo wako, baada ya kusoma, ingia moja, na uliza ni miezi mingapi inatakiwa kupita kabla ya jingine.

*Mama Sista, shikamoo. Nilikuwa kwenye utafiti wa dawa ya pumu kwa miezi kumi. Umeisha tangu mwaka jana. Hadi leo sijui kama nilikuwa nameza dawa mpya au ya zamani, wala kama ilifaulu. Nikiuliza naambiwa ningoje. Nina haki ya kujua?*
Kawangware

Marahaba, mwanangu. Unayo. Barua yako imeniuma kwa sababu hili ndilo tulilokuwa tukilifanya vibaya kuliko yote. Tulikuwa na nauli ya kumleta mgonjwa mara kumi na mbili, na ya kumrudishia jibu hatukuwa nayo.

Kungoja kwenyewe si uongo. Orodha ya nani alimeza nini hufungwa mpaka mgonjwa wa mwisho amalize na hesabu zifanywe, na wewe huenda ulimaliza mapema kuliko wengine. Lakini wakati mwingine hufunguliwa kabla. Kwenye utafiti wa Partners PrEP uliofanywa Kenya na Uganda kwa jozi zaidi ya 4,700 za wanandoa, kila jozi mmoja akiwa na virusi vya UKIMWI, kamati huru inayochungulia matokeo iliona mwaka 2011 kwamba dawa inamkinga yule asiye na virusi asiambukizwe. Ikaamuru kundi la kidonge kisicho na dawa lisimamishwe hapo hapo, na waliokuwa wakikimeza wakapewa nafasi ya kupata dawa yenyewe.

Fanya hivi. Chukua nakala yako ya fomu, ile yenye sahihi mbili. Kama hukupewa nakala, hilo pekee ni kosa lao, anza nalo. Angalia namba yako ya mshiriki kwenye kadi ya utafiti. Mwandikie daktari mkuu ujumbe mfupi wenye namba hiyo na maswali matatu: orodha itafunguliwa lini, mimi nilikuwa kundi gani, na matokeo nitaelezwa na nani kwa Kiswahili. Asipojibu kwa wiki mbili, piga namba ya kamati ya maadili uwasomee ujumbe huo huo. Jibu likija, liandike kwenye kitabu chako cha kliniki, jina la dawa na miezi uliyoimeza, ili siku ukikimbizwa hospitali kifua kimebana, daktari wa zamu alikute hapo.