Waya wa chuma ulionipa jina la Mpira

Juzi kijana wa kidato cha sita kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepima waya wa chuma, moduli ya Young (kile kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kuvutika) imekuja gigapaskali 50. Mwalimu kaweka mkasi tu." Nilicheka, kisha kicheko kikakata. Hamsini! Ndiyo hiyohiyo iliyoniponza mimi.

Ilikuwa siku ya praktiko. Waya wa mita 2, mwembamba wa milimita 0.5, umening'inizwa kwenye boriti. Kila ukiongeza kilo moja unarefuka nusu milimita. Kwa macho huoni kitu. Nilifika kilo 5, yaani nyutoni 49, waya ukawa umevutika milimita 2.5. Vipimo vyangu vilikuwa safi, naapa. Nikagawanya nguvu kwa eneo la mkato, nikapata mkazo. Nikagawanya mrefuko kwa urefu wa mwanzo. Nikagawanya la kwanza kwa la pili. Chuma hutoa kama 200. Mimi 50.

Mwalimu akalisoma jibu langu mbele ya darasa: "Huyu kapima waya au mpira wa nguo?" Hadi tunamaliza shule niliitwa Mpira. Hakuna aliyenionesha kosa. Nililigundua mwenyewe usiku, kwa tochi: nimeweka kipenyo pahala pa nusu kipenyo. Eneo likawa mara nne, jibu likashuka hadi robo. Leo navuta nondo kwa mashine, tena kwa mshahara, na bado nikiona mikromita, kile kifaa cha kupimia unene, naisikia ile sauti ya mwalimu.

Kwa hiyo wadogo zangu, kipenyo! Gawanya kwa mbili kwanza, ndipo uzidishe kwa chenyewe. Funga mikromita bila waya uone kama inasoma sifuri. Pima sehemu tatu nne, na kila sehemu uzungushe upime tena. Ukikosea milimita 0.02 tu kwenye 0.5, jibu limeyumba kama asilimia 8. Mnahangaika na rula ya mita 2 wakati ugonjwa uko kwenye unene! Vaeni na miwani, waya ukikatika hauchagui jicho.

Kijana kajibu jioni: "196, kaka!" Kisha akaongeza: "Ila nilipotoa mizigo waya haukurudi ulipoanzia. Ni kawaida?"

Nikampigia simu hapohapo. "Ulitundika kilo ngapi, wewe?"