Kabla hujampakia mbwa kwenye meli, jua anakwenda kwa nani

Wanaonitafuta wakitaka kusaidia mbwa na paka waliookolewa hapa Mwanza, wengi huanza na usafiri: nauli kiasi gani, kivuko kinakubali? Huwa nawaomba tuanzie kule anakofikia. Nani anampokea, na atalala wapi?

Fika kwa mlezi kabla hujaahidi mnyama. Ongea na watu wote wa nyumba ile, si yule kijana aliyeona picha kwenye simu peke yake. Kama mama mwenye nyumba hamtaki mbwa, huyo mbwa atarudi barabarani, tena ugenini. Uliza waziwazi kama atafungwa mnyororo kutwa nzima. Wakisema ndiyo, simtoi, hata kama kituo chetu cha wanyama waliookolewa kimejaa. Paka ni rahisi zaidi, hasa visiwani, kwa sababu panya wanatafuna nyavu na kumaliza dagaa stoo.

Mtoto wa mbwa asiachishwe mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza miezi 3, na kinga huchukua wiki kadhaa kujengeka, kwa hiyo usimchome asubuhi ukampakia jioni. Kadi ya chanjo iende naye, na suala la kibali muulize afisa mifugo mapema.

Mnyama aliyekomaa asile kwa saa 4 hadi 6 kabla ya safari, maji mpe. Paka huingia vizuri kwenye tenga la kuku, mdomo wa tenga umefungwa kwa kamba. Kwenda Sengerema kumekuwa nafuu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, maana mnyama hahemi tena juani akisubiri kivuko. Ukerewe bado ni meli.

Mbwa jike mmoja aliyeokotwa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nilimpeleka Nansio kule Ukerewe. Injini ilipowaka alianza kutetemeka, masikio yamelala, mate yanachuruzika. Nikamtandikia gunia alilokuwa akilalia kituoni, akalinusa, akajikunja juu yake. Gunia hilo usilifue kabla ya safari, na ukifika mwachie mlezi.

Mwambie pia mlezi asimfungulie mbwa nje ya uzio wiki 2 za kwanza. Wengi hutoroka usiku wakitafuta walikotoka. Mpigie simu siku ya tatu umuulize kama anakula.